Barolo: rangi imepauka, mbona inakaza fizi?

Mkulima_Hombolo: Wakuu, nimeonjeshwa Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia. Rangi kama chai ya rangi, ila ulimi ulikauka kabisa. Eti ni zabibu ya aina moja tu. Inatengenezwaje?

DadaPipa: Mkuu, ni Nebbiolo tupu, asilimia 100, ya vilima vya Langhe, Piemonte. Nafanya kazi kwenye ghala la mvinyo huku. Nebbiolo inachelewa kuiva, tunachuma hadi Oktoba wakati Dolcetto, zabibu nyingine ya huku, imeshamalizwa zamani. Zikishapondwa, juisi inachachuka pamoja na maganda na mbegu. Wazee wa hapa waliziacha mwezi na zaidi. Maganda yanapanda juu, kwa hiyo unavuta juisi ya chini kwa pampu na kuyamwagia, mikono inabaki zambarau wiki nzima. Huo ukali uliokausha ulimi wako unatoka kwenye maganda na mbegu hizo. Rangi ni haba kwa asili yake. Halafu kusubiri: miezi 38 angalau, 18 kati yake kwenye mapipa ya mbao. Riserva, yaani ile inayokomazwa zaidi, ni miezi 62.

Kibarua2: Miezi 38? Benki ingeshauza shamba!

DadaPipa: Ndiyo maana bei haishikiki 😂. @Mkulima_Hombolo, chupa ilikuwa ya mwaka gani? Kama ni changa, imimine kwenye jagi saa chache kabla, na usiinywe bila nyama.