Duggie Brown: mchekeshaji aliyeigiza, au mwigizaji aliyechekesha?

Swali

Nimeitazama tena filamu ya Kes ya mwaka 1969, iliyoongozwa na Ken Loach, nikashangaa kubaini kwamba yule muuza maziwa anayepita kwa dakika chache tu ni Duggie Brown, ambaye riziki yake aliipata kwa kuchekesha watu katika vilabu vya wafanyakazi kaskazini mwa Uingereza. Wajuzi, ilikuwaje mwongozaji mpenda uhalisia akawaendea wachekeshaji, akawaacha waigizaji waliosomea kazi hiyo?

Jibu la kwanza

Ndugu, jibu liko katika vilabu vyenyewe. Mchekeshaji alipanda jukwaani kati ya mizunguko ya bingo, mbele ya wachimba makaa na wafua chuma walioketi na bia zao, wasiodaiwa kicheko na mtu. Akizubaa kidogo, wanamgeuzia mgongo na kuendelea na soga zao. Hapo ndipo alipojifunza kuusikiliza ukumbi na kujua mahali pa kunyamaza. Tena lafudhi ilikuwa yake mwenyewe, maana alizaliwa Rotherham, mji wa Yorkshire, mwaka 1940. Aliyefunzwa London angeweza kuiiga, lakini mwenyeji wa Yorkshire angemgundua kabla hajamaliza sentensi. Mwangalie muuza maziwa huyo: hatafuti kicheko hata kidogo, anazungumza na Billy, kijana mhusika mkuu wa filamu, kama mtu yeyote aliye katikati ya kazi ya asubuhi. (Mama yake Billy ni Lynne Perrie, dada yake Brown wa damu, ambaye naye alitokea vilabuni.)

Jibu la pili

Nakubali, ila tusiisahau televisheni. Mwaka 1971 kampuni ya televisheni ya Granada ilianzisha The Comedians, kipindi kilichowaonyesha wachekeshaji wa vilabu wakipokezana kwa kasi, kichekesho juu ya kichekesho, na Brown alikuwa mmoja wao. Kipindi kiliwapa jina lakini kikala mtaji wao, kwani kichekesho kilichoweza kuzungushwa klabu hadi klabu kwa miaka kilikwisha usiku mmoja, nchi nzima ikiwa imekisikia. Uigizaji haukumlazimu mtu kuitumia akiba hiyo.

Jibu la tatu

Muulizaji atafute The Price of Coal, tamthilia ya televisheni iliyorushwa na BBC mwaka 1977 katika sehemu mbili. Mwandishi ni Barry Hines, yuleyule aliyeandika riwaya iliyozaa Kes. Mhusika mkuu ni Bobby Knutt, mchekeshaji wa Sheffield, na Brown yumo pia. Katika sehemu ya kwanza mgodi unapambwa kwa ajili ya ziara ya Mwanamfalme Charles, na wachimbaji wanafanya mzaha usiokwisha. Katika ya pili kunatokea mlipuko chini ya ardhi. Kwa maoni yangu, sehemu hiyo isingeuma hivyo kama tusingekuwa tumecheka na watu walewale siku chache tu kabla. Brown aliendelea na jukwaa na skrini kwa miongo mingi, hadi alipofariki mwaka 2022.

Muulizaji

Nashukuru. Nitaanza na sehemu ya kwanza, kama mlivyoshauri.