Breki ya dirisha la kupandisha juu: kamba ikikatika, nini kitalidaka?

fundi_alumini_moro

Habarini wakuu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa madirisha, lifti, au mashine yoyote yenye kitu kizito kinachopanda na kushuka.

Miezi miwili iliyopita nilimtengenezea mama mmoja wa chipsi hapa Msamvu, Morogoro, dirisha la kuhudumia wateja. La bawaba hakulitaka kwa sababu nje ni njia ya watu. La kusogeza pembeni hakulitaka kwa sababu nusu ya nafasi inabaki imezibwa. Akataka linalopanda juu lote, lijifiche nyuma ya bango. Upana sentimita 110, urefu 80, kioo cha milimita 6. Nikafunga kamba pande mbili, zikapita kwenye kapi ndogo juu, na upande wa pili nikaning'iniza vyuma vya kulisaidia kupanda. Kamba nilitumia waya wa breki ya baiskeli. Likawa jepesi, unalinyanyua kwa kidole kimoja, na mama akaridhika sana.

Wiki ya tano waya wa kushoto ukakatika. Dirisha likaenda mshazari, kijana wake wa kazi akalishika alinyooshe, na wa kulia nao ukaachia. Lilishuka lote na vyuma havikulibeba tena. Vidole viwili vya kijana viliumia vibaya, kucha zimetoka. Matibabu nimelipa na nitaendelea kulipa, kosa ni langu. Nilipozifungua zile kapi nililiona kosa lenyewe: nyuzi za waya zilikuwa zimekatika moja moja palepale zinapopinda, na kilichokuwa kimebaki ni nyuzi chache tu zilizochakaa.

Sasa nalijenga upya, na safari hii sitaki kutegemea kamba peke yake. Nataka breki. Nimeshajaribu vipande vya mpira wa tairi vinavyobana reli pande zote mbili kwa springi. Siku ya kwanza vinashika vizuri. Lakini pale kuna karai la mafuta linachemka tangu saa nne asubuhi mpaka usiku, na mvuke wake unatua kila mahali. Baada ya siku kumi reli inateleza kama imepakwa sabuni. Nikikaza springi zaidi, mama hawezi kulipandisha.

Mnashauri nini?

---

mzee_wa_karakana

Pole kwa kijana. Ondoa kamba zote, weka shokapu mbili za buti ya gari, zile za gesi. Na chini weka pini ya kupenyeza kwenye tundu ili dirisha likiwa juu lisishuke.

---

fundi_alumini_moro

Asante mzee wangu. Shokapu nilizifikiria, lakini dirisha linasafiri sentimita 70 kwa mstari ulionyooka, na nilizozipata kwa wauza spea zinafika nusu yake tu. Halafu zikiisha gesi narudi palepale. Pini ninayo, ila mchana kuna foleni, dirisha linapanda na kushuka mara nyingi kwa sababu ya vumbi la daladala, na pini inasahaulika. Nataka kitu kisichomsubiri mtu akikumbuke.

---

mpwani_wa_bristol

Salaam aleikum fundi. Mimi ni mtu wa Mombasa, ila niko Bristol, Uingereza, mwaka wa nane huu nakarabati madirisha ya namna hiyohiyo. Nyumba za zamani huku zimejaa madirisha ya kupandisha. Ndani ya fremu ya mbao kila upande mna nafasi wazi kama bomba, na humo mnaning'inia uzito wa chuma cha kalibu. Nafasi ikiwa finyu hutiwa risasi, kwa sababu ni nzito zaidi kwa ujazo uleule. Kamba hupita kwenye kapi juu. Wazo lako la mwanzo kwa hiyo ni lilelile la miaka mingi, na ni zuri. Lililokuangusha ni kapi ndogo. Waya ukipindishwa kwenye kigurudumu kidogo kila siku, nyuzi zake huchoka na kukatika. Tumia kapi lenye kipenyo cha milimita 50 au zaidi, na waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba.

Pili, pima uzito wala usikisie. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Chako ni mita za mraba 0.88, milimita 6, basi ni kilo 13.2, bado fremu. Liweke dirisha zima kwenye mizani, gawa kwa mbili, halafu punguza kidogo kila upande, ili likiachiwa likae chini lenyewe kwa utulivu.

Kuhusu breki, madirisha mapya ya huku yana kitu tunachokiita kiatu. Ni kipande cha plastiki kinachoteleza ndani ya reli, na katikati yake kuna kigurudumu cha umbo la yai. Dirisha likiwa wima, yai limelala na kiatu kinateleza. Ukiliinamisha dirisha ndani ili ulisafishe, yai linageuka, linakipanua kiatu, nacho kinabana kuta za reli. Kinashika kweli. Lakini nimebadilisha vingi mno kujua ugonjwa wake: plastiki inasagika pale pale inapobana, inakuwa nyeupe na laini kama kucha, na siku moja unaliondoa dirisha, springi inakirusha kiatu juu kwa kishindo. Mimi kilinipita karibu na jicho. Nakueleza hivi kwa sababu kwenye mvuke wa mafuta breki ya kubana itakusaliti mapema zaidi kuliko huku kwetu.

Na kioo kiwe kilichochomwa kuimarishwa, kile kinachomwagika punje punje kikivunjika. Kumbuka hakikatwi tena baada ya kuchomwa, kwa hiyo toa vipimo kamili unapoagiza.

---

fundi_lifti_dar

Fundi, nimefanya kazi ya lifti miaka kumi na mbili. Swali lako ndilo swali la kwanza la kazi yetu, na jibu lake lilipatikana zamani.

Mwaka 1854 huko New York, Elisha Otis alipanda kwenye jukwaa lililoning'inia kwa kamba mbele ya umati, kwenye maonyesho ya Crystal Palace, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo likasimama. Juu ya jukwaa aliweka springi ya bapa, kama zile za mikokoteni ya farasi. Uzito wa jukwaa ukivuta kamba, springi inapinda na ncha zake zinakaa mbali na reli. Kamba ikikatika, springi inanyooka yenyewe na ncha zinaingia kwenye meno ya reli. Maana yake kamba inayobeba mzigo ndiyo hiyo hiyo inayoizuia breki isiume. Hakuna mtu wa kukumbuka wala kitu cha pili cha kuharibika kabla breki haijafanya kazi.

Breki yako ya mpira ilikuwa kinyume. Inabana muda wote, inachakaa muda wote, na siku ya ajali ndiyo siku imechoka kuliko zote.

Mpwani ameshasema kuhusu mafuta, naongeza hesabu. Hata ukitumia kabari badala ya mpira, hujikaza yenyewe pale tu ambapo tanjenti ya pembe yake ni ndogo kuliko kiwango cha msuguano. Chuma kikavu hakina shida. Ukiweka mafuta msuguano unaweza kushuka hadi 0.1, ambayo ni pembe ya digrii 5.7 hivi. Kabari ya digrii 8 iliyoshika vizuri karakanani itateleza kibandani. Kwa hiyo sahau kabari, nenda kwenye meno. Jino halijali mafuta.

Tena lidake mapema. Tuseme dirisha lina kilo 17.5. Likianguka sentimita 2 na kusimama ndani ya milimita 5, nguvu ya wastani ni mara 5 ya uzito wake, karibu kilo 88. Alumini inavumilia. Likianguka sentimita 70 ndipo lisimamishwe ndani ya milimita 5 zilezile, ni mara 141, karibu tani mbili na nusu. Hapo linakuwa limefika chini kwa mwendo wa mita 3.7 kwa sekunde, na hakuna fremu yako itakayobaki salama. Kwa hiyo meno yawe kila sentimita 2, siyo zaidi.

Usitoboe matundu ya duara ukitegemea pini itaingia. Pini ya milimita 8 ikipita mbele ya tundu la milimita 10 ina nafasi ya milimita 2 tu, na dirisha likishashuka sentimita 2 linapita nafasi hiyo kwa takriban sekunde 0.003. Pini haitawahi. Kata meno ya msumeno: juu ya jino pawe bapa, chini pawe na mteremko, ili kidole cha kudakia kiparaze kinapopanda na kikae kinaposhuka. Meno yawe kwenye bapa la chuma, siyo kwenye alumini.

Springi iwe ya kusukuma, siyo ya kuvuta. Ya kuvuta ikikatika imekufa. Ya kusukuma ikikatika ndani ya kikombe chake, vipande vinaendelea kusukumana. Weka breki kila upande, na kila moja iweze kubeba dirisha zima peke yake.

---

fundi_alumini_moro

Nimechukua siku kumi na sita kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu.

Dirisha limepimwa: kilo 17.5 kamili, fundi wa lifti umeotea. Kila upande nimeweka uzito wa kilo 8.5. Ni vipande 7 vya nondo ya milimita 16, kila kimoja sentimita 77, kimoja katikati na sita kukizunguka, vimefungwa kwa waya wa kufungia nondo na kuchomelewa ncha. Vinakaa vizuri ndani ya paipu ya mraba ya milimita 60. Waya ni wa milimita 3, kapi za milimita 60.

Meno nimeyakata kwa grainda kwenye bapa la chuma la milimita 25 kwa 5, jino kila sentimita 2, kina cha milimita 8. Meno 36 kila upande, na mkono wa kulia uliniuma siku mbili. Kidole cha kudakia kinazunguka kwenye pini ya milimita 8 kwenye kona ya juu ya dirisha, waya umefungwa kwenye mkia wake, na springi ya kusukuma nimeipima kwa mizani ya ndoano: mvuto ukishuka chini ya kilo 2, kidole kinatoka. Kati ya kishikio cha breki na fremu nimeweka mpira wa tairi ili kishindo kisifike kwenye kioo.

Jaribio la kwanza nilifanya bila kioo, na mfuko wa mchanga wa uzito uleule. Nikakata waya wa kushoto kwa koleo dirisha likiwa katikati. Ulisikika mlio mmoja, tak, na fremu haikushuka hata upana wa kidole. Nikakata wa kulia. Tak. Nikaupaka mfereji wa reli mafuta ya kukaangia yaliyotumika, nikafunga waya mpya, nikarudia mara kumi na mbili. Halikuanguka hata mara moja.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya, na naliandika kwa atakayejenga kama langu. Nilipolipandisha mpaka mwisho, vile vyuma vilifika chini ya paipu na kukaa sakafuni. Kamba zikalegea, vidole vikatoka vikauma meno. Nikafikiri ni jambo jema, limejifunga juu. Nilipotaka kulishusha likagoma. Ili breki iachie, kamba lazima ikazwe. Ili kamba ikazwe, dirisha lazima lishuke. Na breki ndiyo inayolizuia lisishuke. Ukilinyanyua ndiyo kamba inalegea zaidi. Nilikaa pale saa nzima, mwishoni nikakata tundu kwenye paipu ya kila upande nivute kamba kwa mkono mpaka zikazwe. Dawa yake ni kizuizi cha mpira juu, dirisha ligote hapo wakati vyuma bado vina sentimita 5 kufika chini. Nimeacha 5 kwa sababu waya mpya huvutika.

---

fundi_lifti_dar

Hilo la kugoma juu hata mimi sikuliona nilipokuandikia, na nilipaswa kuliona. Kwenye lifti nafasi ya chini ya uzito tunaipima kila ukaguzi kwa sababu hiyo ya waya kuvutika. Sentimita 5 zinatosha kwa urefu wako. Swali moja: breki isiyotumika mwaka mzima utajuaje bado inafanya kazi? Mafuta na vumbi vikigandana kwenye ile pini, kidole kinaweza kukwama kikiwa kimefunguka.

---

fundi_alumini_moro

Yale matundu niliyokata kwenye paipu sikuyaziba. Kila moja nimeliwekea kifuniko cha skrubu moja. Kila Ijumaa kabla ya kuwasha moto, kijana analipandisha dirisha nusu, anaingiza mkono tunduni na kuinua uzito kidogo mpaka kamba ilegee, anasikiliza. Kushoto tak, kulia tak. Kisha analinyanyua dirisha kidogo, vidole vinaachia. Upande ukikaa kimya, dirisha linafungwa chini kwa komeo mpaka nifike. Meno na pini anavisugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa. Ni yuleyule aliyeumia, na yeye ndiye aliyeomba kazi hiyo iwe yake.