Nimeona meseji kwenye simu ya mwanangu wa miaka 13, nishaurini kabla sijaongea naye

Mama Kitindamimba

Wanajukwaa, habari za usiku. Naandika mikono inatetemeka, mniwie radhi nikirukaruka.

Nina kijana wa miaka 13, kitindamimba wangu. Juzi jioni alikuwa anaoga, simu yake ipo mezani kwenye chaji, kioo kikawaka. Sikuigusa. Meseji ilijitokeza yenyewe: "Nitumie nyingine kama ya jana ila hii usivae shati. Na usimwonyeshe mama ako." Jina la kike, picha ya msichana anatabasamu.

Alipotoka bafuni nilijifanya natazama runinga. Usiku alipolala nikaichukua, pasiwedi ninayo. Walikutana wiki tatu zilizopita kwenye gemu anayocheza na wenzake. Mwanzoni waliongelea gemu tu, nani kapanda daraja, nani kashindwa. Baadaye huyo "msichana" akamwambia wahamie programu nyingine ya kuchati kwa kuwa kule maneno mengi yanazuiwa. Anadai ana miaka 14. Lakini maswali yake si ya mtoto: mama anarudi saa ngapi, unalala na nani chumbani, simu yako huwa inakaguliwa? Picha nilizoziona ni mbili, moja ya uso, nyingine amelala kitandani na singlendi. Kilichoninyima usingizi ni kwamba katikati ya mazungumzo kuna meseji tano zimefutwa. Zilikuwa na nini, sijui.

Dada yake ana miaka 17. Huyo nilimhubiria habari za wanaume wa mitandaoni mpaka akachoka. Huyu nilimwambia tu asiharibu macho. Sikuwahi kuwaza kuwa kuna mtu angemtaka mtoto wa kiume.

Baba yao yuko safarini kikazi, na namjua, akisikia kitu cha kwanza ni mkanda. Nimnyang'anye simu? Nimbloki yule mtu kimyakimya mtoto asijue? Au niseme nimesoma, na nikisema si ataona nampeleleza?

Mzee wa Nidhamu

Pole sana dada. Ushauri wangu ni mfupi. Simu ichukue leo, mpe kitochi cha kupiga na kupokea. Mtoto wa miaka 13 kumpa simu janja ni kulala mlango wazi. Na baba yake aambiwe, hili si jambo la mama kulibeba peke yake.

Sauti ya Chini

Mzee wangu, shikamoo, naomba nikupinge kwa heshima, maana hili nimelipitia.

Nilikuwa na miaka 14. Mtu mzima alinianza hivyohivyo, maneno matamu kwanza. Nilipoona anakokwenda siko, nilimwendea mama mwenyewe nikamwonyesha. Simu ikachukuliwa miezi minne, shangazi zangu wote wakaambiwa, na kila nilipokosea jambo jingine nikakumbushwa "wewe wa mambo ya simu". Mwaka uliofuata akaja mwingine. Huyo alinipata na picha ambayo sitaki kuisimulia hapa, akaanza kunitisha. Nilinyamaza miezi saba. Chakula hakipiti, shuleni nasinzia, nyumbani wanadhani nina mapenzi. Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu bei ya kusema nilikuwa naijua tayari.

Dada, isome tena ile meseji. "Usimwonyeshe mama ako." Hao watu wanachokiogopa kuliko polisi ni mtoto anayemsimulia mamaye. Atakuwa amemwambia kwamba ukijua utakasirika na utachukua simu. Ukiichukua kesho, yule mtu atakuwa amesema kweli na wewe ndiye umemthibitisha.

Sisemi asiwekewe mipaka. Ila mpaka uje kwa sababu ya usalama, na uje baada ya yeye kusikia kutoka mdomoni mwako kwamba hana kosa.

Mtu wa Mitambo

Dada, usimbloki bado na usifute kitu. Wengi wanabloki kwa hasira, kesho wakitaka kushtaki hawana cha kuonyesha. Piga picha za skrini za mazungumzo yote tangu mwanzo, tarehe na saa zionekane. Ingia kwenye ukurasa wake, nakili kiungo cha akaunti au namba ya simu, na jina analotumia kule kwenye gemu. Jina la kuonekana mtu analibadilisha sekunde yoyote, halitakusaidia. Kisha ripoti ndani ya programu, kwenye gemu na kwenye hiyo ya kuchati. Kama ni WhatsApp, ukiripoti, meseji tano za mwisho alizokutumia zinakwenda kwa kampuni na yeye haarifiwi. Ukishamaliza hayo yote ndipo umbloki.

Halafu kuna kitu wazazi wengi hawakiangalii: tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye akaunti za mtoto. Kampuni zimeweka ulinzi mzuri tu siku hizi. TikTok haimpi aliye chini ya miaka 16 meseji za faragha kabisa, na tangu Januari 2021 akaunti za miaka 13 hadi 15 zinafunguliwa zikiwa za faragha. Instagram tangu Septemba 2024 inawaweka vijana kwenye akaunti za aina yao, mtu wasiyemfuata hawezi kuwaandikia, na wa chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti bila mzazi kukubali. Lakini vyote hivyo vinafuata mwaka ambao mtoto aliuandika. Aliyejisajili akiwa na miaka 9 akadai ana 13, leo akifika 13 programu inamhesabu ana 17. Aliyedai ana 18 yuko kundi moja na watu wazima na ulinzi wote huo haumhusu. Nimekagua simu za watoto sita wa ndugu zangu, wanne walikuwa watu wazima humo.

Rekebisheni mwaka. Programu ikikataa, futeni akaunti mfungue nyingine mkiwa wote wawili, ila baada ya kutunza ushahidi.

Na hiyo 13 isiwadanganye wazazi kuwa ndio umri wa kukomaa. Ilitoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998, COPPA, inayokataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Ni sheria ya taarifa, haikupima akili ya mtoto. Australia tangu 10 Desemba 2025 imeweka 16 kwa mitandao mikubwa, kwa hiyo Mzee wa Nidhamu ana hoja yake. Lakini hata huko programu za kuchati na magemu mengi hayamo kwenye katazo, na kijana wako alipatikana kwenye gemu.

Mama Kitindamimba

Asanteni jamani. Sauti ya Chini, nimesoma yako mara tatu nikalia.

Nimeangalia tarehe ya kuzaliwa. Akaunti inasema ana miaka 22.

Swali linalonitafuna ni zile meseji tano. Je, kama alituma kitu kibaya zaidi na yule mtu anacho? Na kama nikikikuta, nikitume kwa nani?

Mlezi wa Vijana

Usikitume kwa mtu yeyote, dada. Si kwa dada yake, si kwa rafiki yako wa kukushauri, wala kwenye simu yako mwenyewe ukisema ni ushahidi. Picha ya utupu ya mtoto, katika nchi nyingi, kuimiliki au kuisambaza ni kosa la jinai hata kama nia ni njema. Ukiikuta, iache hapohapo ilipo, simu yenyewe ndiyo uipeleke polisi. Picha za skrini alizosema Mtu wa Mitambo ziwe za maandishi.

Kazi yangu ni na vijana, ngoja nikueleze yanavyokwenda. Umesema hukuwaza mtoto wa kiume. Katika utapeli huu wa kudai pesa kwa vitisho vya picha, wavulana ndio wanaolengwa zaidi. Mtu anajifanya msichana, anatuma picha ya kwanza yeye (si yake, ameiokota mtandaoni), kijana anarudisha yake, na ndani ya dakika chache lugha inageuka: lipa, la sivyo natuma kwa hawa. Anamwekea na orodha ya marafiki zake. Kijana anaona dunia imeisha usiku huohuo. Kuna waliojiua, na sikwambii hivyo kukutisha. Nataka ujue kwa nini asilale peke yake na jambo hili hata siku moja zaidi.

Ila huyu wako anauliza nani yupo nyumbani na saa ngapi. Huyo anaweza kuwa hataki pesa, anataka mtoto. Kwa hiyo polisi ni lazima, hata kama hakuna picha mbaya iliyotumwa. Ukisita kwenda kituoni, anza na namba ya msaada kwa watoto. Tanzania, Kenya na Uganda ni 116, nchi nyingi za Ulaya ni 116 111.

Kama vitisho vimeshaanza, msilipe. Anayelipa mara ya kwanza anaombwa ya pili. Msimjibu, msimbembeleze, msimtukane.

Kama picha ya utupu ilitoka, kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya kituo cha kitaifa cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, imefunguliwa 2023. Ni kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, na anayeishi nchi yoyote anaweza kuitumia bila kutaja jina. Picha haitoki kwenye simu yenu. Kinachotumwa ni alama ya tarakimu inayotokana na picha, mfano wa alama ya kidole, na mitandao iliyojiunga inaitumia kuitambua picha na kuiondoa. Haifiki kwenye kuchati kwa faragha kulikofungwa, yaani meseji ambazo hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma, wala kwenye mitandao ambayo haikujiunga. Lakini Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat zimo.

Mwalimu wa Zamu

Mimi nitaongelea dakika tano za kwanza tu, maana hapo ndipo wazazi wengi wanaharibu.

Usimkalishe ukamkabili uso kwa uso kama kesi. Tafuta kazi ya mikono mnayofanya pamoja, kuosha vyombo, kukunja nguo, au mtembee. Mvulana wa umri huo anaongea vizuri akiwa haangaliwi machoni.

Anza na ukweli wako. "Niliona meseji kwenye kioo, nikaogopa, usiku nikasoma zaidi. Sikukuomba ruhusa na najua si vizuri." Usizungukezunguke na "hivi una marafiki gani mtandaoni". Atagundua kuwa unajua, na kuanzia hapo utakuwa wa pili kumdanganya, wa kwanza akiwa yule mtu.

Kisha: "Huna kosa. Huyo ni mtu mzima anayejua anachofanya." Halafu nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, utatamani kukijaza kwa mawaidha. Kiache. Maswali ya "kwa nini ulituma" yafungie kabatini, mtoto hana jibu lake na litamfanya ajifunge.

Kwa habari ya kusoma simu yake, miaka 13 mzazi ana haki ya kukagua, ila kwa makubaliano yaliyo wazi. Anayekaguliwa kwa siri anajifunza kuficha vizuri zaidi.

Mzee wa Nidhamu

Sauti ya Chini, marahaba, na pole mwanangu. Maneno yako yamenikaa. Nina binti wa miaka 15 ambaye mwaka jana alinionyesha meseji ya ajabu, nikamfokea na simu nikaichukua. Tangu siku hiyo hajanionyesha kitu. Nilikuwa nahesabu kwamba mambo yametulia.

Dada, kwa suala la baba, bado nasema aambiwe. Lakini mwambie wewe kwanza, kwa simu, akiwa mbali, hasira imwishie hukohuko.

Sauti ya Chini

Mzee, hujachelewa. Mrudie tu umwambie ulikosea siku ile. Mimi mama yangu aliniambia hivyo nikiwa na miaka 20 na bado ilinisaidia.

Mama Kitindamimba

Narudi na mrejesho. Siku nne zimepita.

Nilifanya kama Mwalimu alivyosema, tukiwa tunakunja nguo. Nilipomaliza kusema alikaa kimya muda mrefu, shati moja mkononi anakunja anakunjua. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Utamwambia baba?" Nikamwambia ndiyo, lakini nitamwambia mimi na hatakupiga. Hapo akaanza kulia.

Zile meseji tano: moja ilikuwa picha bila shati, aliituma akaifuta baada ya dakika moja. Mbili ni picha za mwanamke alizotumiwa na yule mtu, ambaye alizifuta mwenyewe. Mbili za mwisho mwanangu aliandika "sitaki tena", akazifuta kabla hazijasomwa kwa sababu aliogopa kumkasirisha. Mtoto wangu alijaribu kutoka peke yake mara mbili, mimi nikiwa chumba cha pili.

Tumeripoti kote, tumeenda polisi na simu, wamechukua maelezo na kiungo cha akaunti. Tumefungua akaunti upya kwa miaka yake ya kweli. Usiku simu zote zinalala sebuleni, yangu pia, na dada yake amenung'unika lakini amekubali. Baba yao nilimpigia nikamsomea baadhi ya yale mliyoandika hapa. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema nimpe mtoto simu. Sijui walichoongea, mlango ulifungwa.

Sasa asubuhi hii amekuja jikoni mwenyewe na simu mkononi. Kuna mtu mwingine kule kwenye gemu, mgeni kabisa, amemuuliza anasoma shule gani. Hakujibu, ameniletea. Mtu wa Mitambo, kama upo hapa: tumepekua mipangilio ya gemu wote wawili, tunataka wasiomfahamu wasiweze kumwandikia kabisa. Tuanzie wapi?