Mjadala: Je, tuwaruhusu watafiti waoteshe saratani ya ini ya wagonjwa wetu maabara?

Mtoa mada: Wakuu, mwaka 2017 timu ya Meritxell Huch, wakati huo akiwa Cambridge, ilichukua vinyama vya uvimbe wa ini, ikaviweka kwenye jeli yenye virutubishi hadi vikaota oganoidi, yaani vijivimbe vinavyobeba tabia za saratani ya mgonjwa mwenyewe. Dawa hujaribiwa humo, mgonjwa haguswi.

Mimi nasema turuhusu, na sababu yangu ni mahindi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, na hao ni waliokula nyingi kwa muda mfupi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini B, ndiye saratani humvizia. Sumu hiyo huacha alama kwenye TP53, jeni inayozuia saratani, mahali paitwapo kodoni ya 249, alama iliyo adimu kwenye uvimbe wa Wazungu. Dawa ikipimwa kwa vinyama vya wagonjwa wa Ulaya pekee, mkulima wa Makueni, Kenya, atajuaje kama itamfaa?

Mchangiaji wa kwanza: Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyeugua saratani, alichukuliwa seli Baltimore mwaka 1951 bila kuulizwa. Mwaka 2023 ndipo wajukuu wake walipopatana na kampuni moja iliyonufaika nazo! Oganoidi hugandishwa, ikaamshwa hata mwenyewe akishazikwa. Mama yangu mdogo alisainishwa fomu ya Kiingereza akiwa na maumivu makali, na hadi leo hatujui kinyama chake kilikwenda wapi. Kwa hali hiyo siruhusu.

Mchangiaji wa pili: Pole sana, ndugu. Mimi nina swali la kitabibu. Tangu 2020 moja ya tiba kuu za saratani ya ini iliyosambaa ni atezolizumabu pamoja na bevasizumabu. Ya kwanza huamsha kinga ya mwili, ya pili hubana mishipa inayoulisha uvimbe. Oganoidi ya kawaida haina seli za kinga wala mishipa ya damu. Sasa dawa hizo utazipimaje humo?

Mtoa mada: Hapo umenishika. Kwa dawa hizo mbili oganoidi tupu haitoshi, lazima ioteshwe pamoja na seli za kinga za mgonjwa huyohuyo, na za mishipa ya damu pia. Bado inafaa kwa dawa zinazoishambulia seli ya saratani yenyewe, kama sorafenibu, ingawa nayo hubana mishipa pia. Na kuhusu mama mdogo, nakubali: fomu iwe ya Kiswahili, isomwe mbele ya ndugu, iseme kinyama kinakwenda nchi gani na nani anaweza kudai kiharibiwe. Bila hivyo, hata mimi ningekataa.

Mchangiaji wa kwanza: Na dawa ikipatikana, bei yake iandikwe humo humo.