Msaada: mikorosho ya mjomba, nadharia za mabadiliko ya jamii, kikao ni Jumapili

Mwana wa Tandahimba
Habari za jioni wakuu. Nimekwama, usingizi sipati. Kuna mjomba amefariki, ukoo unakaa Jumapili kuamua mikorosho yake iende wapi. Kwa mila yetu Wamakonde mali hufuata upande wa mama, kwa hiyo ni ya mpwa. Watoto wa marehemu nao wanaitaka. Mimi nimesoma maendeleo ya jamii, wazee wamenipa kazi ya kusema. Sosholojia inaelezaje mila kubadilika katika jamii za leo? Na ipo nadharia inayoonyesha kwamba mila nyingine hubaki? Nawasilisha.

Bomba la Salfa
Pole kwa msiba mkuu. Hapo Tandahimba mikorosho mnaipulizia salfa mara ya ngapi? Huku Masasi ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, umetuwahi mwaka huu.

Mwalimu Mstaafu Nachingwea
Kijana, anza na Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, kitabu chake cha 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi. Anasema zamani watu walishikamana kwa sababu walifanana: kazi moja, imani moja. Kazi zikigawanyika, wanashikamana kwa sababu kila mmoja anamhitaji mwenzake. Marx atakuambia utazame kwanza nani anashika nyenzo za uzalishaji. Ogburn, mwanasosholojia Mmarekani, aliandika mwaka 1922 kwamba vitu hubadilika mbio na desturi hubaki nyuma, na katikati hapo ndipo watu wanapogombana.

Sasa rudi shambani kwenu. Zamani shamba la mtama au muhogo lilichoka, mtu akahamia pori jingine. Cha kurithi kilikuwa kidogo. Mkorosho unasimama miaka mingi, na wanaoupalilia ni mke na watoto wa nyumba ile. Hapo ndipo mtoto alipoanza kuuliza jasho lake linakwenda wapi. Uislamu nao ulikuwa umeshamwambia ana fungu kwa baba yake.

Mzee wa Ndundu
Mwalimu umenikumbusha mbali. Mabadiliko niliyaona pale mto Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulilala kivukoni, masika ikichachamaa kusini tumefungiwa. Mjomba akisema neno, utakwenda wapi? Barabara ilipopitika vijana wakaenda Dar, sauti ya mjomba ikapungua.

Binti Mmwera
Pole na msiba kaka. Kwetu Ruangwa baba alipofariki, mama na sisi tulitolewa shambani mavuno yakiwa juu ya miti. Kwa hiyo nauliza bila kuzunguka: huyo mpwa ni nani?

Mwana wa Tandahimba
Dada, hilo si la muhimu sana. Nimeomba nadharia.

Binti Mmwera
Ni la muhimu. Jibu.

Mwana wa Tandahimba
Sawa. Mpwa ni mimi. Lakini mjomba ndiye aliyenisomesha, na mashine ya kupuliza alinikabidhi mwenyewe mbele ya watu. Watoto wake wako Dar, msimu wa kupalilia hawaonekani.

Bomba la Salfa
Wote wako Dar?

Mwana wa Tandahimba
Mmoja yuko hapa na mama yake. Yeye hupalilia.

Karani wa Zamani
Mbona una haraka hivyo? Kuna mtu umeshapatana naye?

Mwana wa Tandahimba
Nimechukua kangomba kidogo, yaani hela ya mnunuzi kabla ya kuvuna, kwa mavuno ya mwaka huu. Salfa inunuliwe na nani? Miti ikiachwa bila dawa wote tutakosa. Nimelinda mali ya ukoo, sijaiba.

Kaka wa Shangani
Hii chai. Someni swali lake upya, "sosholojia inaelezaje mila kubadilika katika jamii za leo". Huo ni mtihani wa chuo, katia korosho ili mumfanyie kazi bure. Tena mpaka marehemu kamuweka.

Bomba la Salfa
Dah, na mimi nilishaanza kumhurumia.

Mwana wa Tandahimba
Ningekuwa natunga ningejipa kangomba? Mnunuzi anapita nyumbani kila jioni, mama yangu hatoki nje.

Mwalimu Mstaafu Nachingwea
Hata akiwa mwanafunzi, jambo lenyewe lipo. Waakan wa Ghana nao walirithi upande wa mama, kakao ikaleta ugomvi huu huu, mpaka serikali ikatunga sheria ya mirathi mwaka 1985 kuwapa mke na watoto sehemu yao.

Weber, mwanasosholojia Mjerumani, nilimsahau. Yeye anatazama ofisi na karatasi. Korosho zilipoingia stakabadhi ghalani mwaka 2007, yaani mkulima anapeleka mzigo ghalani na kupewa risiti, hela ikaanza kufuata jina la mkulima lililoandikwa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Ukoo hauna akaunti benki. Mali ya wengi imepata jina la mtu mmoja, ndiyo maana kila mtu anataka jina liwe lake. Kijana, nadharia itakueleza kwa nini mnagombana. Haitakuambia apewe nani, usiende kuitumia hivyo mbele ya wazee.

Binti Mmwera
Na sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi. Mjane yule ulimuuliza?

Mwana wa Tandahimba
Sijakaa naye tangu arobaini.

Karani wa Zamani
Basi Jumapili msigawe kitu. Kikao kipendekeze msimamizi wa mirathi, muhtasari uende Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya hapo hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, wewe wala wao. Jina lisiwe lako, una deni ndani yake. Na huyo wa kangomba mwambie leo, asije na magunia Oktoba akamkuta mjane peke yake.

Mwana wa Tandahimba
Mjane akipendekezwa yeye, wazee watakubali?

Binti Mmwera
Mpendekeze wewe uone.