Mtoto wangu ananikana mbele ya shirika, nifanye nini?

Mama_Katindo: Tumsifu Yesu Kristu. Wapendwa, nimekwama. Kijana wangu anamaliza darasa la sita. Usiku ule volkano ya Nyiragongo ilipolipuka hapa Goma tulikimbilia Gisenyi, Rwanda, kupitia mtaa wa Birere, lava nyuma yetu inakata mji. Mtoto, mdogo vile, akaanzisha Salamu Maria kwa sauti na watu wakamwitikia. Kila mwaka natoa ushuhuda huo kwenye shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Juzi akasimama: “Mama, mimi sikusali. Nilikuwa nalilia kiatu changu.” Watu wakacheka. Sasa hata misa hataki. Nimrudishe vipi?

Papa_Ndosho: Milele amina. Ni simu hizo, mama. Wangu alianza hivyo hivyo, leo anapiga gitaa kwenye kanisa la uamsho na kunifokea kwamba mimi ndiye sijaokoka. Tena gitaa nilimnunulia mimi.

Chukudu: Kiatu kilipatikana?

Yaya_Majengo: Dada, watoto wote husahau. Mbona hili linakuuma hivyo? Kuna kitu hujatuambia.

Mama_Katindo: Hakuna.

Yaya_Majengo: Kipo.

Mama_Katindo: Basi. Usiku ule nilimwahidi Mungu: tukivuka mpaka pale Petite Barrière wazima, huyu ni wako, atakuwa padri. Nimeshamwandikisha seminari ndogo. Minervali, yaani karo, nimelipa, godoro na ndoo viko chini ya kitanda. Yeye hajui bado. Msinilaumu, Hana alimtoa Samweli na hakumuuliza.

Katekista: Mama, sheria ya Kanisa iko wazi: nadhiri inamfunga aliyeiweka, haimfungi mtu mwingine. Mwone paroko wako, ana uwezo wa kukuondolea. Na padri hapatikani kwa kuwekwa rehani na mzazi.

Papa_Ndosho: Yefta naye aliweka nadhiri, someni Waamuzi 11. Binti ndiye aliyelipa.

Mama_Katindo: Yefta hakuwa Mkatoliki.

Mwana_Himbi: Samahani, hii imetungwa. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilisimama upande wa Buhene, pembezoni mwa Goma, haikukata mji. Iliyopita katikati ya mji, ikala kathedrali na kuingia ziwani, ni ile ya 17 Januari 2002. Mtoto wa 2002 sasa ana ndevu, hayuko darasa la sita.

Chukudu: Lo! Tumelishwa uzi wa bure.

Buhene_Juu: Mwana_Himbi, pole pole. Kwako Himbi haikufika, kwetu ilifika. Nilitoka na redio na mbuzi mmoja. Asubuhi ilikuwa Pentekoste, sisi tunakanyaga mawe yenye moto tukitafuta bati letu.

Mwana_Himbi: Pole, ndugu. Ila yeye kaandika inakata mji.

Mama_Katindo: Situngi! 2002 mimi mwenyewe nilikuwa mtoto, nikapita Birere nimeshikwa mkono na kaka yangu. 2021 nikapita hapo hapo nimemshika mwanangu. Anga jekundu lile lile, watu na magodoro kichwani, Gisenyi ile ile. Mnataka nipime lava kwa mita?

Yaya_Majengo: Na 2002 nani alianzisha Salamu Maria?

Mama_Katindo: Kaka.

Yaya_Majengo: Aha. Alitaka upadri?

Mama_Katindo: Alitaka sana. Leo ni fundi wa pikipiki Butembo, ana watoto kibao. Lakini na mwanangu alisali. Nilikuwa nimemshika, nilimsikia.

Chukudu: Kaka ndiye anadaiwa seminari basi. Mpelekeeni godoro Butembo.

Katekista: Tuache mzaha. Mama, kabla ya kwenda kwa paroko, mwambie kijana kuhusu seminari. Leo, asisikie kwa jirani.

Mama_Katindo: Nitamwambia akimaliza mtihani wa taifa. Sasa hivi atachanganyikiwa.

Yaya_Majengo: Au atakataa.

Mama_Katindo: Minervali hairudishwi.

Papa_Ndosho: Godoro ni la sponji au la pamba? Nina mgeni Jumapili.