Naomba ushauri: vipimo kwa Kiingereza, kidato cha kwanza

Walimu wenzangu wa fizikia, habari za kazi. Watoto wametoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili, sasa mada ya vipimo ni Kiingereza kitupu. Kusoma rula si tatizo. Wanakwama kwenye eneo: 1 m² wanaandika 100 cm² badala ya 10,000, maana wanabadili upande mmoja tu. Mraba wa mita 1 uliochorwa kwa chaki sakafuni unatibu hilo. Ila likija "Convert 2.5 g/cm³ into kg/m³", wanagawanya kwa 1,000 badala ya kuzidisha. Hiyo "per" (mkwaju wa /, yaani "kwa kila") haiwaingii kabisa. Nitangulize zoezi la kusoma vizio kwa sauti, au tupime jiwe kwa mizani (gramu) na silinda ya maji (cm³) ndipo nilete sentensi hiyo ya Kiingereza? Kipindi dakika 40, mizani moja, darasa limejaa.